NES, Game Boy, Mega Drive au GBA: kila moja na mwamba wake

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mtu anayetaka kuandika gemu yake ya kwanza ya konsoli ya zamani, mimi nasema achague, tena achague kwa makini, maana hapa jembe ndilo linaloamua shamba litalimwaje.

Wengi huanza kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Swali hilo haliwafikishi mbali, kwa sababu zote nne, yaani NES, Game Boy na GBA (Game Boy Advance) za Nintendo pamoja na Mega Drive ya Sega, ni dhaifu mno mbele ya simu ya bei ya chini kabisa. Tofauti yake iko mahali nguvu inapokwisha. Kila moja ina mwamba ambao kazi yako itaugonga mapema, na utakaa na mwamba huo kwa miezi. Kuna mtu anayefurahia kuhesabu mizunguko ya kichakataji, yaani hatua ndogondogo za kazi yake. Kuna mwingine ambaye hesabu hizo zitamkatisha tamaa wiki ya pili, lakini anaweza kukaa usiku kucha akipunguza picha yake iingie kwenye rangi nne. Hao wawili hawafai kupewa konsoli moja.

Jibu langu nalitoa mapema, asiyetaka maelezo aondoke nalo. Kama hujawahi kumaliza gemu hata moja, chukua Game Boy. Kama unataka kujua mashine inavyofanya kazi mpaka kwenye mifupa yake, chukua NES. Kama unaijua C, lugha ya kuandikia programu, na unapenda gemu zenye kasi na sauti nzito, Mega Drive. GBA mpe mtu ambaye tayari ana mchoraji, au ni mchoraji mwenyewe.

| | NES | Game Boy | Mega Drive | GBA |
|---|---|---|---|---|
| Ilitoka Japani | 1983 (kama Famicom) | 1989 | 1988 | 2001 |
| Kichakataji | 6502 ya Ricoh, 1.79 MHz | SM83 ya Sharp, 4.19 MHz | 68000, 7.67 MHz, na Z80 pembeni | ARM7TDMI, 16.78 MHz |
| Kumbukumbu ya kazi | KB 2 | KB 8 | KB 64 | KB 32 za kasi na KB 256 za polepole |
| Skrini (pikseli) | 256 × 240 | 160 × 144 | 320 × 224 | 240 × 160 |
| Spraiti (picha zinazosogea juu ya mandhari) | 64, nane kwa mstari | 40, kumi kwa mstari | 80, ishirini kwa mstari | 128 |

Usidanganywe na mstari wa kichakataji. Game Boy inaonekana kuizidi NES zaidi ya mara mbili, lakini kila hatua yake ya kazi hula mipigo minne ya saa, kwa hiyo katika fremu moja (picha moja ya skrini, kiasi cha 60 kwa sekunde) inapata hatua 17,556, wakati NES inapata mizunguko 29,780. Amri za vichakataji hivyo viwili hazilingani moja kwa moja, ila kwa matumizi ya kawaida ziko karibu kuliko jedwali linavyodai.

Kazi moja, konsoli nne

Njia nzuri ya kuzijua tabia zao ni kuzipa zote kazi moja ndogo: kuandika alama za mchezaji kwenye skrini. Mchezaji ana alama 1250. Kwenye kumbukumbu hiyo ni namba moja ya mfumo wa jozi, yaani wa sifuri na moja tu. Skrini inataka vigae vinne (kigae ni mraba mdogo wa picha, pikseli 8 kwa 8): kigae cha 1, cha 2, cha 5 na cha 0. Kwa kawaida ungegawanya kwa kumi, ukachukua baki, ukagawanya tena.

NES haina amri ya kugawanya, wala ya kuzidisha. Kichakataji cha 6502 cha asili kilikuwa na hali ya desimali ambayo ingekuokoa, lakini kwenye toleo la Ricoh lililomo ndani ya NES hali hiyo imezimwa: amri yake ipo, ukiiita hakuna kinachobadilika. Kwa hiyo watu hawagawanyi kabisa. Wanaweka kila tarakimu kwenye baiti yake, wanaongeza moja, ikifika kumi wanairudisha sifuri na kuibebesha jirani yake wa kushoto. Ni hesabu ya darasa la pili, na inakwenda kasi kuliko mgawanyo wowote ungeweza kuuandika.

Game Boy nayo haigawanyi wala haizidishi. Lakini ina amri moja iitwayo DAA ambayo, ukishajumlisha, hurekebisha jibu likae kwa tarakimu mbili za desimali ndani ya baiti moja. Alama 1250 zinakaa kwenye baiti mbili tu, na kuzitoa kwenye skrini ni kupasua kila baiti nusu kwa nusu.

Mega Drive inakupa yote. 68000 ina amri ya kugawanya na ina amri ya kujumlisha kwa desimali. Kugawanya mara moja kunaweza kula mizunguko 140 hivi, lakini kwenye fremu una karibu 128,000. Andika kwa C kama unavyoandika popote, usifikirie mara mbili.

GBA ndiyo inayowashangaza wengi. Ina kasi kuliko hizo tatu, inazidisha vizuri sana, lakini ARM7TDMI haina amri ya kugawanya. Kikusanyi cha C, yaani programu inayogeuza msimbo wako kuwa amri za mashine, kitakuwekea programu ndogo ya kugawanya, au utaita ile iliyomo ndani ya konsoli yenyewe. Kwa alama hutaona tofauti. Ukigawanya kwa kila risasi na kila adui katika kila fremu, utaiona, na hapo ndipo watu hujifunza kuandaa majedwali na kuzidisha badala ya kugawanya. Namba za nukta elea, yaani zenye sehemu za desimali, pia ziache: zinakubalika kwenye C, lakini hakuna kifaa cha kuzikokotoa katika konsoli yoyote kati ya hizi, kila moja huigizwa kwa programu.

NES: mwamba ni muda wa pumziko

Skrini huchorwa mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Baada ya mstari wa mwisho kuna pumziko fupi kabla ya kurudi juu. Kwenye NES, kumbukumbu ya picha inagusika salama ndani ya pumziko hilo tu. Pumziko lenyewe ni mizunguko 2,273 hivi. Kunakili orodha ya spraiti kunakula 513 au 514. Zinabaki kama 1,700, na kila kigae unachobadilisha kinataka angalau mizunguko saba au minane, bila kuhesabu gharama ya kuelekeza anwani. Skrini nzima ni vigae 960 na baiti 64 za rangi. Fanya hesabu mwenyewe: huwezi kuchora chumba kipya ndani ya pumziko moja.

Ndiyo maana gemu nyingi za NES huzima picha kwa muda mfupi unapopita mlangoni. Ile skrini nyeusi unayoikumbuka ilikuwa kazi ya uchoraji ikiendelea. Ukitaka chumba kibadilike huku picha inaonekana, lazima uandae mabadiliko yako kwenye kumbukumbu ya kawaida mapema, kisha uyamwage kidogo kidogo, fremu baada ya fremu. Ukichelewa hata kidogo, ukaandika wakati uchoraji umeshaanza, picha nzima inaruka pembeni.

Mwamba wa pili ni rangi. Una paleti nne za mandhari, kila moja ina rangi tatu pamoja na rangi moja ya nyuma inayoshirikiwa na zote. Tatizo ni kwamba paleti haichaguliwi kwa kigae, inachaguliwa kwa eneo la pikseli 16 kwa 16. Chukua sanduku jekundu lenye upana wa pikseli 8 uliweke juu ya nyasi za kijani: kigae cha jirani kinalazimika kutumia paleti ya sanduku, na nyasi zake zinageuka nyekundu. Dawa ni kupanga ramani yako yote kwa hatua za pikseli 16, au kulifanya sanduku kuwa spraiti, na ukilifanya spraiti unakula nafasi kati ya zile nane za mstari. Shujaa wa upana wa pikseli 16 anakula mbili. Wakisimama wanne mstari mmoja, wa tano haonekani. Ule mmemetuko wa maadui kwenye gemu za zamani unatokana na waandishi kuzungusha mpangilio wa spraiti kila fremu ili angalau kila mmoja aonekane kwa zamu.

Kinachonivutia kwenye NES ni jinsi ubanaji huu ulivyozaa ubunifu. Kwenye Super Mario Bros., mawingu na vichaka ni vigae vilevile, paleti tu ndiyo tofauti. Gemu nzima inakaa kwenye kilobaiti 40. Mwaka 2019 Morphcat Games walitoa Micro Mages, gemu ya wachezaji wanne, ndani ya kilobaiti hizohizo 40.

Zana zipo na ni imara. Lugha ya asembli, yaani kuandika amri za kichakataji zenyewe, kupitia ca65 ndiyo njia ya wengi. C kupitia cc65 inawezekana, ila 6502 ina rejista (vihifadhi vya ndani ya kichakataji) chache na mrundiko, yaani kumbukumbu ya muda ya programu, wa baiti 256 tu, kwa hiyo C yako itabidi iandikwe kwa namna ya ajabu: vigezo vinavyoonekana na programu nzima, namba za biti nane kila inapowezekana. Mimi naona kama unakuja NES, njoo kwa asembli. Emuleta ya Mesen, programu ya kompyuta inayoiga konsoli, inakuonyesha kila baiti, kila kigae na kila mzunguko, na ni mwalimu mzuri kuliko maelezo mengi.

Game Boy: mwamba ni udogo

Skrini yake inatosha miraba kumi kwa tisa ya ukubwa wa shujaa wa pikseli 16. Kwenye NES ni kumi na sita kwa kumi na tano. Tofauti hiyo inabadilisha gemu yenyewe: adui anayekuja mbio kutoka ukingoni mchezaji hana muda wa kumwona. Kioo cha Game Boy ya kwanza pia kilikuwa kizito kubadilika, vitu vinavyokwenda kasi vinaacha kivuli cha ukungu nyuma. Gemu ya risasi nyingi inayopendeza kwenye emuleta inaweza kuwa uji kwenye kioo halisi. Gemu za kufikiri, za hadithi na za kupanga vitu zinakaa vizuri sana. Tetris ilikuwa kilobaiti 32 na haikuhitaji zaidi.

Mwamba utakaougonga kwanza ni vigae. Skrini ina nafasi 360 za vigae, yaani 20 kwa 18, lakini mandhari inaweza kurejelea vigae tofauti 256 tu kwa wakati mmoja. Ukichora picha nzuri ya kufungulia gemu ukaijaza skrini nzima bila kurudia chochote, haitaingia. Utakaa ukitafuta wapi anga inajirudia, wapi ukuta unaweza kutumia kigae cha sakafu. Wapo wanaobadilisha seti ya vigae katikati ya uchoraji wa skrini ili wapate zote 360, lakini hiyo iache kwanza.

Pamoja na hayo, ndiyo konsoli yenye huruma zaidi. Ina vivuli vinne, basi, huwezi kupoteza mwezi mzima ukihangaika na paleti. Kumbukumbu ya picha unaweza kuigusa hata katika mapengo mafupi kati ya mstari na mstari, si wakati wa pumziko kubwa pekee, ilimradi uangalie rejista ya hali kwanza. Dirisha la alama na maisha ni tabaka la pekee lililojengwa ndani ya mashine. Kwenye NES ungelipata kwa ujanja wa kupasua skrini kwa wakati maalumu.

Na ina GB Studio, ambayo Chris Maltby aliitoa mwaka 2019. Unapanga mandhari, wahusika na mazungumzo kwa kuburuta, inakutolea faili inayokubalika na konsoli halisi. Wapo wanaoidharau kwa sababu haihitaji kuandika msimbo. Siwaungi mkono. Mtu aliyemaliza gemu kwa GB Studio ameshajifunza bajeti ya vigae, ya spraiti na ya umakini wa mchezaji, na hayo ndiyo magumu. Siku akitaka kuingia ndani zaidi, GBDK-2020 inamsubiri kwa C na RGBDS kwa asembli, na mwongozo uitwao Pan Docs unaeleza karibu kila rejista ya mashine hii kwa uwazi ambao konsoli chache zinao.

Mega Drive: mwamba ni rangi na bomba la picha

Ukitoka kwenye hizo mbili, Mega Drive ni kama kuhamia nyumba yenye sebule. Kilobaiti 64 za kumbukumbu, kichakataji kinachoielewa C bila kulalamika, tabaka mbili za mandhari zinazosogea kila moja kivyake, na spraiti moja inaweza kufika pikseli 32 kwa 32. Katriji inabeba megabaiti nne bila ujanja wa kubadilisha kurasa.

Ila paleti ni nne tu, kila moja rangi 15 na nafasi moja ya uwazi, zote kutoka rangi 512. Mandhari ya mbali, mandhari ya karibu, shujaa, maadui, milipuko na maandishi, wote wanagombania paleti nne. Kila kigae cha pikseli 8 kinachagua paleti yake, kwa hiyo lile sanduku jekundu juu ya nyasi halina shida hapa. Shida inakuja kwenye hatua ya tano, pale adui mkuu wa zambarau anapotaka paleti na zote zimeshachukuliwa. Panga rangi za gemu nzima kabla ya kuchora mhusika wa kwanza. Ninalisema kwa uzito kwa sababu kuchora upya maadui kumi na wawili si kazi ya jioni moja.

Bomba la picha ndilo la pili. Katika pumziko la skrini unaweza kusukuma kiasi cha kilobaiti saba kwenda kumbukumbu ya picha, kwa mashine za mfumo wa 60 Hz. Kigae kimoja ni baiti 32. Adui wa pikseli 64 kwa 64 ni vigae 64, yaani kilobaiti mbili kwa kila picha ya mwendo wake. Maadui wanne wa namna hiyo wakibadilika kwa fremu moja, bomba limeziba. Waandishi wazoefu huwapanga wabadilike kwa kupokezana.

Sauti yake ina mashabiki wanaoipenda kwa moyo, na mimi ni mmoja wao. Chipu ya YM2612 ina njia sita za sauti, ukiongeza zile nne za chipu ya pili. Z80, kile kichakataji cha pembeni, ndiyo inayoendesha muziki, na inapotaka sampuli (vipande vya sauti iliyorekodiwa) kutoka katriji wakati picha inasukumwa, inalazimika kusubiri. Ule mkwaruzo kwenye sauti za watu katika gemu za enzi zile mara nyingi unatokana na foleni hiyo. Maktaba ya SGDK inakuja na kiendesha sauti kilichoandikwa kwa kulijua tatizo hili, na inashughulikia mambo mengine mengi ambayo ungeyaandika kwa mwezi. Xeno Crisis ya Bitmap Bureau, ya mwaka 2019, inaonyesha mashine hii inaweza kufikishwa wapi leo.

GBA: mwamba ni wewe

Rangi 32,768, spraiti 128, hadi matabaka manne ya mandhari, uwezo wa kuzungusha na kukuza picha, katriji ya megabaiti 32. Ukiwa na maktaba ya Butano kwa C++ au libtonc kwa C, kitu kinatembea kwenye skrini siku ya kwanza. Mitego ya kiufundi ipo: msimbo unaosomwa moja kwa moja kutoka katriji ni wa polepole, kwa hiyo sehemu zinazorudiwa mno huhamishiwa kwenye zile KB 32 za kasi, na sauti za sampuli nyingi unazichanganya kwa kichakataji kilekile kinachoendesha gemu. Ni mitego ya kawaida.

Kinachoziua gemu za GBA ni kwamba mashine haikuambii hapana. Game Boy inakuzuia kuota; GBA inakuacha uote wahusika thelathini wenye picha nane za mwendo kila mmoja, halafu inakuuliza nani atazichora. Kama una jibu, ni konsoli tamu kuliko zote.

Atari 2600 na zile za pande tatu

Atari 2600 ina baiti 128 za kumbukumbu na mizunguko 76 kwa kila mstari wa skrini, na unachora kila mstari wewe mwenyewe kwa mkono, wakati unachorwa. Ni shule ya ajabu, lakini nenda ukishamaliza gemu mahali pengine. PlayStation, Nintendo 64 na Dreamcast zina zana huru nzuri (PSn00bSDK, libdragon na KallistiOS), ila huko utahitaji kujua hesabu za pande tatu kwanza.

Kabla hujasema imekwisha

Emuleta na konsoli halisi si kitu kimoja. Gemu yangu ya kwanza ya NES ilicheza wiki tatu kwenye emuleta bila kasoro. Nilipoiwasha kwenye konsoli, mchezaji akaanza na maisha ambayo sikumpa na mlango wa chumba cha kwanza ukiwa wazi. Sikuwa nimefuta kumbukumbu mwanzoni. Emuleta niliyotumia ilinijazia sifuri. Mashine halisi inapowashwa huwa na takataka ndani yake. Mesen ina chaguo la kujaza takataka hizo kwa makusudi. Liwashe siku ya kwanza.

Kila konsoli pia ina mlinzi wake mlangoni. Game Boy na GBA hukagua nembo ndani ya kichwa cha faili, yaani sehemu yake ya mwanzo; kwenye Game Boy ni baiti 48, na zikikosewa haiendelei. NES za Marekani za umbo la kwanza zina chipu ya kufuli, kwa hiyo bodi za katriji za leo hubeba chipu inayoijibu. Famicom haina kufuli hiyo. Mega Drive za matoleo ya baadaye hutaka programu iandike neno SEGA mahali fulani kabla ya kuruhusu picha. Ukaguzi huo ulifika mahakamani Marekani katika kesi ya Sega dhidi ya Accolade, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaipa Accolade haki. Kwa nembo ya Game Boy na neno la Mega Drive, SGDK, RGBDS na GBDK-2020 zina zana za kukufanyia hayo.

Kwa kujaribu bila katriji kabisa, GBA inaongoza: inapokea programu ya hadi KB 256 kupitia waya wake wa kuunganishia konsoli mbili. Nyingine tatu zinataka katriji ya kuandikika. Ukiwa na bajeti ya katriji moja tu, nunua ya Game Boy, kwa sababu GBA na GBA SP nazo zinaichezesha, na utaiona gemu yako kwenye vioo viwili tofauti.